Pugalenthi Dhidi ya Kampuni Zote za Bima

Jumatatu, 22 Septemba

Bima ya gari imepanda! Ujumbe umeingia nikiwa na mswaki mdomoni. Nusura niumeze.

Gari ni lile lile. Dereva ni yule yule. Barabara zile zile, mashimo yale yale. Sijadai hata senti kwa miaka minane, na punguzo langu la kutodai limefika juu kabisa, zaidi ya nusu ya bei. Gari limezeeka mwaka mmoja zaidi, thamani yake imeshuka, na bima yake imepanda. Nimejaribu kufikiria kitu kingine duniani kinachopanda bei kadiri kinavyochakaa. Sijakipata. Mke wangu Vasugi akasema mvinyo. Vasugi hanywi mvinyo. Nani kamfundisha?

Nimempigia wakala. Wakala ni Thinagaran, mdogo wake Vasugi. Hapa Ipoh kila familia ina wakala wake wa bima kama kila nyumba ilivyo na mjusi. Hukumchagua. Umemkuta ukutani.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Shemeji, kila kitu kimepanda. Hata roti canai imepanda." Nikamwambia roti canai angalau naila, bima nimeilipia miaka minane sijaionja. Akacheka. Huyu hucheka kila kitu! Kisha akataja vipuri, mafuriko, mafundi. Nikataka kuona hesabu yenyewe. Hana. Hesabu hutoka makao makuu, Kuala Lumpur, naye huipokea kama sisi tunavyopokea mvua.

Haikubaliki. Kuna mtu mahali fulani anajua kwa nini bei hii ni hii na si nyingine. Namtaka mtu huyo.

Muda ni mfupi. Bima inaisha Alhamisi ya wiki ijayo. Bila bima hupati kodi ya barabara, na bila kodi ya barabara gari ni banda la kuku. Jumamosi yake, tarehe 4, binti yangu wa pekee, Kayalvizhi, anaanza chuo kikuu Pulau Pinang. Atapelekwa na nani? Na mimi! Kwa gari langu! Thinagaran keshajitolea kumpeleka kwa gari lake jipya la viti saba. Mjomba, mjomba, siku zote mjomba! Mtoto katobolewa masikio amekaa mapajani pa mjomba. Alipovunja ungo, sari ya kwanza katoa mjomba. Ni desturi, nikanyamaza. Lakini chuo kikuu hakimo katika desturi. Nimesoma vya kutosha kulijua hilo.

Vasugi kanipa hadi Alhamisi hiyo. Nisipokata bima, mtoto anapanda gari la mjomba wake, na mimi nikitaka nipande kiti cha nyuma kabisa, pamoja na mito na ndoo.

Jumanne, 23 Septemba

Nimefunga kiwanda mapema. Kiwanda ni chumba kimoja chenye mitambo miwili ya kuchapa, mmoja mbovu. Nachapa kadi za harusi, matangazo ya misiba, na vijitabu vyangu mwenyewe vya kuamsha umma. Umma bado umelala, lakini mimi sijachoka.

Nimegundua mahali kwenye mtandao ambapo unaandika habari za gari lako na kampuni zote zinakutajia bei kwa pamoja. Utamu ulioje! Nikaanza utafiti. Nabadilisha jambo moja tu, nayaacha mengine, natazama bei inavyocheza.

Rangi ya gari: hakuna kitu. Kazi, kutoka mchapaji kuwa mwalimu: bei imeshuka kidogo. Kutoka mwalimu kuwa mwandishi: imepanda! Tusi hilo. Makazi, kutoka Buntong kwetu hadi ng'ambo ya mto: imeshuka tena. Kumbe kuna mtu Kuala Lumpur anayeijua Buntong. Labda alipita akala njugu zetu, zikamchoma ulimi.

Kisha nikapata wazo. Nikaandika habari za mama mkwe wangu, Mama Rajamani. Kapita miaka sabini, hajawahi kushika usukani, breki haijui iko wapi. Bei rahisi kuliko zote! Nikarudia kampuni nyingine. Rahisi! Machoni pa bima, mama mkwe wangu ndiye dereva bora wa jimbo la Perak. Hajamgonga mtu maisha yake yote. Kwa gari.

Walitaka namba ya simu. Nikaweka yake.

Jumatano, 24 Septemba

Simu ya mama mkwe imelia tangu kifungua kinywa. Wauza bima. Nilidhani atakasirika. Amefurahi! Mmoja kaelezwa habari za magoti yake, akasema mama yake naye ana magoti hayo hayo. Mwingine kakaribishwa sikukuu ya Deepavali. Wa tatu alipotaka namba ya leseni, mama mkwe akamuuliza kama ameoa.

Vasugi akataka kujua kwa nini mama yake, ambaye hupelekwa sokoni kwa teksi, anauziwa bima na nusu ya nchi. Nikakiri. Nikaeleza kwamba tukiliandikisha gari kwa jina la mama, akiba yake ni kubwa. Mama mkwe kasikia toka jikoni. Akasema gari hilo ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba hataki jina lake lionekane karibu nalo, kama ni gari basi aandikiwe la Thinagaran.

Thinagaran kaja jioni, kasimuliwa, kacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwamba nikihamisha gari, punguzo langu la miaka minane halihami nalo. "Punguzo ni la mtu, shemeji, si la bati."

Sikulijua hilo. Nimeliandika hapa kwa sababu ni jambo la kuvutia, si kwa sababu amelisema yeye.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimesaliti ukoo. Nimeenda kwa wakala mwingine.

Bi Foong ana meza yake ya kudumu kwenye mkahawa wa mji wa kale, chini ya feni, kati ya muuza tambi na choo. Watu humletea karatasi zao kama wanavyopeleka watoto kwa daktari. Nilikaa nimeupa mlango mgongo. Nikaagiza kahawa nyeupe. Akanitazama, akaniuliza, "Bosi, unataka rahisi au unataka nzuri?" Nikasema vyote viwili. Akasema hicho hakiuzwi Ipoh, labda nijaribu Singapore.

Lakini nilipomuuliza maswali yangu yote (nilikuwa nayo kwenye karatasi, pande zote mbili) aliyajibu bila kupiga miayo. Kwa nini Buntong? Magari huibwa. Kwa nini gari kuukuu? Vipuri havitengenezwi tena, vikipatikana ni vya kuviziwa. Kwa nini mwandishi? Akafikiri. Akasema labda kwa sababu huwa hawatazami mbele.

Kisha akanitajia kampuni mpya, yenye nembo ya mwavuli. Hiyo haijali unaishi wapi wala una umri gani. Inatia programu kwenye simu yako, simu inasikiliza unavyoendesha kwa siku chache, inakupa alama kwa mia. Ukiendesha vizuri, unalipa kidogo.

Haki! Hatimaye kampuni inayotaka ushahidi kabla ya kuhukumu! Nimepakua programu papo hapo. Bi Foong kalipa kahawa. Sijui kwa nini alikuwa anatabasamu.

Ijumaa, 26 Septemba

Thelathini na nane.

Thelathini na nane kwa mia! Programu inasema nafunga breki ghafla. Nakata kona kwa hasira (ndilo neno lake). Naongeza mwendo bila sababu. Bila sababu! Nilikuwa namweleza Vasugi historia ya bima, tangu wafanyabiashara wa zamani waliogawana hasara za merikebu zilizozama. Nikifika kwenye hoja nzito nakanyaga breki. Kila msemaji mzuri ana mahali pa kutua. Na hoja ikipaa, gari linapaa nayo. Simu inajua nini kuhusu ufasaha?

Vasugi kasema hajawahi kuona simu yenye akili kama hiyo. Akaomba anunuliwe kama hiyo.

Kayal akazitazama alama, akanishika bega. Kwa upole kabisa akasema, "Baba, usijali. Hata Mjomba alianza vibaya." Nikauliza, mjomba gani? Kumbe Thinagaran anayo programu hiyo hiyo, kaiweka ili aweze kuwaeleza wateja wake. Ana tisini na moja.

Hii sasa ni vita.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimelipata jibu, tena limeingia lenyewe kiwandani likitaka matangazo ya msiba.

Sinnathurai anaendesha gari la maiti. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Leo nikamsindikiza hadi nje, nikamtazama anavyoondoka. Sijawahi kuona kitu kama kile! Gari halikuondoka, lilitiririka. Kwenye kona ya duka la njugu alifunga breki kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Mlangoni pa hekalu akampisha kuku.

Nikamkimbilia. Nikamwomba anitunzie simu yangu siku mbili tatu, ndani ya gari. Akauliza kwa ajili ya nini. Nikasema sayansi. Akafikiri sana, kisha akasema, "Kaka, mimi sina neno. Abiria wangu nao hawana neno. Lakini isije ikalia." Nikamwapia haitalia. Alama nitazisoma kwenye kompyuta ya kiwandani.

Dhamiri yangu ni safi. Kampuni imetaka kujua simu yangu inaendeshwaje. Inaendeshwa vizuri sana.

Jumapili, 28 Septemba

Asubuhi: sitini na nne. Saa nne: themanini na moja. Mchana: tisini kamili! Nimempita nani? Bado sijampita. Moja tu!

Saa nane Sinnathurai kaja kiwandani, kavaa suti nyeusi, uso umemparama. Simu ililia. Alikuwa ameiweka mahali salama, chini ya maua ya yasmini, pembeni ya marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyesifika kwa kupenda utulivu. Katikati ya sala yasmini zikaanza kutetemeka, na wimbo wangu wa maandamano ya wafanyakazi ukapanda, ngoma na tarumbeta. Mpwa wa marehemu akaruka dirishani. Mjane hakushtuka. Alisema tu, kwa uchungu, "Hata leo shule haimwachi apumzike."

Aliyepiga ni Vasugi. Alitaka nije na giligilani nikirudi.

Nimemwomba radhi Sinnathurai. Nimemwahidi bango jipya la gari lake, lenye rangi. Kakubali kuendelea hadi kesho, ila simu imezimwa mlio, na itakaa mbele, na dereva.

Jumatatu, 29 Septemba

Tisini na saba! Tisini na saba! Nimemwonyesha Kayal. Nimemwonyesha Vasugi. Nimemtumia Thinagaran picha. Kajibu, "Hongera shemeji, umefanyaje?" Nikamjibu kwamba mtu akiamua, anabadilika.

Saa tano kampuni ya mwavuli ikapiga kiwandani. Sauti ya binti, ya adabu sana. Kwanza alinipongeza. Kisha akasema kuna jambo dogo linawatatiza. Kwa mujibu wa simu, gari langu kila siku linatoka nyumba tofauti, linakwenda polepole mno, na safari zote zinaishia mahali pa kuchomea maiti. Je, hili ni gari la biashara?

Nikamwambia nina marafiki wengi. Akauliza, "Wote, bwana?" Nikasema ni mwaka mbaya.

Akanipa pole. Naamini ilimtoka moyoni. Kisha akasema kwamba, kwa huzuni yangu yote, watanikatia bima ya gari la kubeba maiti, ambayo ni ya biashara, na bei yake ni hii. Nikakaa chini. Kwa bei hiyo ningeweza kufa nikazikwa mara mbili.

Nikajaribu kumuuliza, maadamu tuko kwenye simu, ni nani hasa hupanga bei hizo na kwa kanuni ipi. Akasema angependa kunisaidia lakini foleni ya wateja ni ndefu.

Jumanne, 30 Septemba

Nimerudi kwa Bi Foong. Sikumweleza lolote. Yeye ndiye kaniuliza kama kuna aliyebaki hai Buntong. Habari zinatembea mji huu!

Tumeachana na programu na ujanja. Tumechukua bima kubwa ya kawaida, ya kampuni ndogo, na tukaanza kuikata kama muuza nyama. Mafuriko: ondoa, sisi tuko juu ya kilima. Ghasia na maandamano: ondoa, maandamano hapa mjini nayaitisha mimi, na sijawahi kupata mtu wa pili. Kioo cha mbele: ondoa.

Hapo akaweka kalamu chini. "Kioo cha mbele hakimo, bosi. Una hakika?" Nikamweleza. Kioo cha mbele ni kodi ya woga. Kwa miaka minane hakuna jiwe lililonigusa. Anayelipia jiwe ambalo halijarushwa anawalisha wenye kampuni kwa ndoto zake mbaya. Jirani wa meza ya pili, mzee mwenye gazeti, alipiga makofi. Nadhani alikuwa anaua mbu.

Bi Foong kanifanya niseme mara mbili kwamba kioo sikitaki. Kisha nikasaini. Bima inaanza Ijumaa, siku moja baada ya ile ya Thinagaran kuisha. Bei iko chini ya ya mwaka jana! Chini!

Nimemtumia Thinagaran ujumbe mrefu, wenye utangulizi, hoja na hitimisho. Kanijibu kwa picha ya dole gumba. Dole gumba!

Nimemwambia Kayal afunge mizigo. Jumamosi, baba na binti, barabara kuu ya kaskazini, madirisha wazi.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku ya kuabudu zana za kazi. Mitambo yangu ya kuchapa imevikwa maua, hata ule mbovu. Gari limeoshwa, limepakwa majivu na msandali, kila tairi limewekewa chini yake ndimu ya kukanyaga. Nimeandika vijitabu viwili dhidi ya mambo haya. Chuma hakina masikio! Kila mwaka hujifungia ndani kusoma mpaka wamalize.

Lakini mwaka huu Kayal kaja mlangoni. Akasema anasafiri Jumamosi, bibi yake hatalala kama gari halijabarikiwa, basi Baba, mara hii moja tu.

Nikatoka. Ila sikutaka mtu adhani nimeamini. Mama mkwe alipomaliza kuzungusha moto akainua nazi ili aivunje mbele ya gari, nikamwomba anipe mimi. Akashangaa, akafurahi. Niliazimia kuivunja kwa dharau. Kwa nguvu, kama mtu anayetupa takataka, ili majirani wote waione tofauti kati ya ibada na mazoezi ya viungo.

Nikairusha. Ikapiga ukingo wa mtaro. Nusu ikaingia mtaroni, ilivyotakiwa. Nusu ya pili ikainuka.

Sijawahi kuona nazi ikipaa taratibu hivyo. Ikatua katikati ya kioo cha mbele. Ufa mmoja kwanza. Kisha ufa ukazaa, na vitoto vikakimbilia pembe zote nne.

Mama mkwe akasema mungu amepokea kwa mikono miwili. Akataka nimalize kukanyaga ndimu, kwani ibada haikatizwi. Nimekanyaga ndimu. Nimeendesha hatua chache nikiwa nimetoa kichwa dirishani.

Nikampigia Bi Foong. Akasikiliza. Akasema bima yake inaanza keshokutwa, na hata ingeanza leo, kioo hakimo, nimekataa mara mbili, mzee wa gazeti ni shahidi. Nikauliza, na nikidai kwenye bima kubwa yenyewe, kwamba gari limepata ajali? Akasema naweza, ila punguzo lote la miaka minane linakwenda na maji. Kisha akauliza, "Leo hii uko kwa nani, bosi?"

Leo hii bado niko kwa Thinagaran.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sikumpigia. Kaja mwenyewe. Mama mkwe kamwambia.

Alizunguka gari. Akagusa ufa. Safari hii hakucheka, jambo lililonitia wasiwasi. Nikamtangulia: nikamkumbusha kwamba mwaka jana pia nilimkataza kuweka kioo, kwa barua. Akakuna kichwa. Akasema aliipata barua. Aliisoma yote. Kisha akakiweka kioo, kama kila mwaka, na sehemu hiyo akailipa yeye. "Ningefanyaje, shemeji? Kikivunjika, dada angenilaumu mimi."

Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba kumkatia mtu bima kinyume na matakwa yake ni kumdhulumu hiari yake, na kwamba hakuna falsafa hata moja inayoruhusu jambo hilo. Akakubali. Akauliza basi aifute?

Nikamwambia asiwe na haraka.

Kioo kitalipwa, na dai la kioo haligusi punguzo langu. Huo ndio wema wa kukiwekea bima ya peke yake. Sikujua, na ni jambo la kuvutia sana. Lakini gari ni la zamani. Kioo chake hakipo Ipoh. Kinatoka Kuala Lumpur, Jumatatu kikiwahi.

Jumatatu!

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeyafikiria yote. Kuendesha na ufa: polisi. Kung'oa kioo kabisa nikavaa miwani ya kulehemu: Vasugi kakataa kabla sijamaliza sentensi. Kuazima gari: la nani? La Sinnathurai? Kayal kasema hapana, kwa mara ya kwanza maishani kanipandishia sauti.

Jioni kaja kiwandani, akakaa juu ya marobota ya karatasi kama alipokuwa mdogo. Akanisaidia kukunja matangazo ya msiba. Nikaanza kumweleza mpango wa basi la saa kumi na moja alfajiri. Aliendelea kukunja. Baadaye akasema kwamba yeye hakuwahi kujali gari ni la nani. Alichokuwa anahesabu ni kama nitakuwemo.

Tumekunja matangazo mpaka yakaisha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nilikaa nyuma kabisa, na mito na ndoo, kama ilivyoamriwa. Thinagaran akaendesha. Mama mkwe mbele. Thinagaran anaendesha vizuri. Nimeandika. Sitarudia.

Kabla ya Taiping mvua ikaanza, akasimama tunywe chai. Tulipotoka akanipa ufunguo. Nikauliza nini hii. Akasema macho yake yanauma na mvua, na kwamba jana aliliongeza jina langu kwenye bima ya gari lake, ili nikigonga mbuzi tusisumbuane. Akamwambia mama yake ahamie kiti cha kati. Akamwambia Kayal akae mbele. Yeye akaenda nyuma, akakumbatia ndoo.

Macho yake hayaumi. Nawajua wanaoumwa macho.

Nimeendesha hadi Pulau Pinang. Kayal pembeni yangu, miguu juu ya kiti, akinionyesha ujumbe wa msichana atakayekaa naye chumba kimoja. Sikufunga breki ghafla hata mara moja. Sikujadili chochote. Kwenye daraja mvua ikakatika, bahari pande zote mbili, akasema, "Baba, mbona leo umenyamaza?" Nikasema naangalia barabara.

Tumempeleka hadi chumbani. Vasugi kalia. Mama mkwe kamuuliza mlezi wa bweni kama ameolewa. Kayal kanisindikiza hadi maegeshoni, kasimama kwenye ngazi, akapunga mkono. Nami nikampungia, huku narudi nyuma.

Nguzo ya maegesho ilikuwa nene kuliko mimi.

Bampa la nyuma, taa moja, na kitu fulani cha mlango ambacho Thinagaran alikitaja kwa sauti ndogo. Alishuka, akatazama. Akasema si kitu, atalipa kwa mfuko wake kwa fundi wake wa siku zote. Hadai bima. Punguzo lake ni la miaka kumi na mbili, hawezi kulitupa kwa ajili ya nguzo. Akachukua ufunguo. Hadi Ipoh nikakaa nyuma kabisa.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimelifikiria usiku kucha, na asubuhi nimelitatua.

Mtu anailipa kampuni miaka kumi na mbili. Siku anapoihitaji, anaogopa kuiomba! Analipa bima, kisha analipa na fundi! Huo si uangalifu, huo ni utumwa, na shemeji yangu ni mtu mwema ambaye hana wa kumpigania. Basi nimempigania. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani, jina langu limo. Nimeenda polisi, nimeandikisha ajali ndani ya muda wa sheria. Nimeipigia kampuni yake, nimetuma picha, nimejaza kila kitu. Dai limefunguliwa. Nikauliza na kuhusu punguzo, nikaambiwa kwamba mwakani litaanza upya, sifuri. Nimeweka kumbukumbu. Ni jambo la kuvutia jinsi linavyoporomoka lote kwa mkupuo.

Nimempa Thinagaran habari njema alipokuja kunywa chai. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza kuona habari yangu ikampita bila kucheka hata kidogo. Alikaa. Akaangalia kikombe. Akamwita dada yake, kwa jina. Hisia zilimzidi. Chai hakuimaliza.

Vasugi tangu hapo anaosha vyombo ambavyo ni visafi.

Jioni ujumbe wa Kayal. Chumba ni kizuri, chakula si kibaya, msichana mwenzake anakoroma. Halafu: kwa Deepavali asifuatwe na mtu yeyote, si Baba wala Mjomba. Atavuka kwa kivuko, atapanda treni, atafika mwenyewe.

Treni! Nikafungua ukurasa wa nauli, kutazama tu. Treni mbili, siku moja, reli moja, stesheni zile zile, nauli mbili tofauti. Kwa nini? Nimembadilishia Kayal saa ya safari, bei ikacheza. Nimembadilishia siku, ikacheza tena.

Nimemwandikia asinunue tiketi yoyote. Baba analishughulikia.